Degedege na Kifafa katika Handeni na Korogwe
Handeni na Korogwe, mtoto akakamaaye na kutetemeka kwa homa husemwa ana degedege, nalo ni jina la nondo pia. Hali hiyo ikimrudia pasipo homa, husemwa ana kifafa. Mgawanyo huo una maana yake, kwani homa yenyewe huenda ikawa ni malaria, nayo haingoji. Walakini mwaka 1978 Charlotte Dravet wa Ufaransa alieleza kifafa kikali cha watoto wachanga kianzacho kwa homa. Mwaka 2000 kasoro ya jeni SCN1A ilionekana katika koo ambamo ndugu mmoja hushikwa wakati wa homa tu, na mwenzake hupata kifafa. Mwaka 2001 ikaonekana kwa watoto wenye ugonjwa wa Dravet, na wengi wao hawakuirithi kwa baba wala mama. Ukoo, basi, mara nyingi hulaumiwa bure.