Seli shina: Maradhi zinayoponya, na yale ambayo bado ni majaribio

MZAZI anayemuuguza mtoto mwenye selimundu hachelewi kulisikia neno 'seli shina'. Hulisikia kwenye foleni ya kliniki, hulisoma kwenye simu, na pengine hulisikia tena kwa mtu anayemhimiza auze ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto akatibiwe ng'ambo.

Je, matumaini hayo yana msingi? Yanao, lakini si kwa kila ugonjwa. Yapo maradhi ambayo seli shina zimekuwa zikiyaponya kwa miongo kadhaa. Yapo mengine ambayo majaribio yake yameanza kutoa matokeo ya kutia moyo. Na yapo yale ambayo tiba yake ni maneno matupu yanayouzwa kwa bei ghali.

Hasara kubwa huwapata wagonjwa wanaoshindwa kuyatenganisha mafungu hayo matatu.

Seli shina ni nini?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli za aina nyingi, na kila aina ina kazi yake. Seli ya misuli hujikunja, ya neva hupitisha habari, na chembe nyekundu ya damu husafirisha hewa ya oksijeni. Seli iliyokwisha kukomaa haibadili kazi. Ya moyo haiwi ya ngozi.

Seli shina ni ile ambayo haijakomaa. Ina uwezo wa aina mbili: kujigawa na kutoa nyingine mfano wake, na kutoa seli zitakazokomaa na kushika kazi maalumu. Mfano wake ni mgomba. Mkungu ukishakatwa, mti huo hauzai tena, lakini chipukizi lililo ubavuni mwake huendeleza ukoo.

Wataalamu huzigawa katika makundi makuu matatu. Kundi la kwanza ni seli shina za viinitete, ambazo zinaweza kugeuka kuwa seli ya kiungo chochote. La pili ni za mtu aliyekwisha kuzaliwa, kama zile zilizo ndani ya uboho wa mifupa, ngozini, na katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Hizi hutengeneza aina chache tu za seli. La tatu ni seli za kawaida zilizorudishwa nyuma katika maabara hadi zikawa kama za kiinitete.

Zilivyogunduliwa

Mnamo 1961, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Canada, walithibitisha kwa kutumia panya kwamba uboho una seli zinazoweza kuzalisha damu upya. Wakati huo Dkt E. Donnall Thomas wa Marekani alikuwa amekwisha kuanza kuwatia wagonjwa uboho wa watu wengine, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Mwaka 1998, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifaulu kukuza seli shina za viinitete vya binadamu. Ufanisi huo ulizua mabishano makali, kwa kuwa kuzipata seli hizo kuliharibu kiinitete. Agosti 2001, Rais George W. Bush aliwekea utafiti huo mipaka katika matumizi ya fedha za serikali ya Marekani. Barack Obama aliilegeza mwaka 2009.

Suluhisho la mvutano huo lilitoka Japani. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto alionyesha kwamba kwa kuingiza jeni nne tu, seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa kwenye hali ya uchanga. Mwaka uliofuata alifanya hivyo kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Maradhi ya damu

Hapa ndipo seli shina zilipotia fora. Kupandikiza uboho kwa mgonjwa wa saratani ya damu si jambo jipya. Dawa kali huua seli za mgonjwa zilizoharibika, kisha hutiwa seli shina za mtu mwingine ambazo hujenga damu upya. Mwaka 1988, Dkt Eliane Gluckman na wenzake jijini Paris walikuwa wa kwanza kutumia damu ya kitovu kwa kazi hiyo.

Ni njia hiyo pia iliyomponya Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa na saratani ya damu na virusi vya Ukimwi. Mwaka 2007 madaktari wa Berlin walimpa seli shina za mtu ambaye jeni zake huvizuia virusi hivyo kuingia katika seli. Virusi havikuonekana tena hadi alipofariki mwaka 2020, saratani ilipomrudia. Hata hivyo, upandikizaji wenyewe unaweza kuua, na kwa hivyo haufai kwa mtu ambaye dawa za kupunguza makali zinamtosha.

Kwa Wakenya wengi, habari kubwa zaidi inahusu selimundu, ugonjwa ulioenea Nyanza, Magharibi na Pwani, maeneo ambayo malaria imekuwapo kwa karne nyingi. Mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Chembe zake nyekundu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa, na kumletea maumivu makali na upungufu wa damu.

Mtoto kama huyo anaweza kuponywa kwa uboho wa ndugu yake, mradi tishu zao zioane. Tatizo ni kwamba kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kuoana naye. Familia nyingi za Afrika Mashariki zimelazimika kusafiri hadi India kwa matibabu ya aina hii. Nchini Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikizia uboho watoto wenye selimundu.

Kwa wasio na ndugu wa kuwafaa, njia nyingine ilifunguliwa mwishoni mwa 2023, Uingereza na kisha Marekani zilipoidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa na kupelekwa maabarani, ambako jeni moja hukatwa ili mwili urudie kutengeneza hemoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama. Kisha mgonjwa hupewa dawa ya kuufuta uboho wake wa zamani, na kurudishiwa seli zilizorekebishwa.

Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha katika majaribio, 29 walimaliza angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na maumivu makali.

Kikwazo ni bei. Nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, yaani zaidi ya Sh280 milioni kwa mgonjwa mmoja, mbali na gharama za hospitali. Aidha, dawa ya kufuta uboho inaweza kumfanya mgonjwa asipate watoto. Ndiyo maana dawa ya haidroksiyurea, antibiotiki na chanjo zingali nguzo za kumtunza mtoto mwenye selimundu.

Macho na ngozi

Mtu aliyemwagikiwa asidi au chokaa machoni huweza kupoteza seli shina zilizo pembezoni mwa konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Zikifa, jicho hufunikwa na utando. Nchini Italia, Graziella Pellegrini na Michele De Luca walibuni njia ya kuchukua seli chache kutoka kwa jicho lililosalimika, kuzikuza, na kuzipandikiza kwenye lile lililoungua. Mwaka 2015 tiba hiyo, Holoclar, iliidhinishwa katika Muungano wa Ulaya.

Mwaka huohuo, De Luca na madaktari wa Ujerumani walimwokoa mvulana wa miaka saba aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi unaoibambua ngozi. Walizirekebisha jeni za seli zake, wakakuza ngozi mpya maabarani, na kuifunika takriban asilimia 80 ya mwili wake. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2017.

Kisukari

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mgonjwa hulazimika kujidunga sindano maisha yake yote.

Juni 2025, watafiti walichapisha matokeo ya majaribio ya zimislecel, seli za kongosho zilizokuzwa kutokana na seli shina na kutiwa katika mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Kati ya wagonjwa 12 waliopewa kipimo kamili, 10 hawakuhitaji tena insulini ulipotimia mwaka mmoja.

Hata hivyo, wagonjwa hao walihitaji dawa za kudhoofisha kinga ili mwili usizikatae seli hizo ngeni. Dawa hizo huufungulia mwili milango ya maambukizi, na mmoja wa walioshiriki katika utafiti alifariki kutokana na homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na kuvu. Ifahamike pia kwamba majaribio hayo hayakuhusu kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho huwapata wengi.

Ubongo na uti wa mgongo

Ugonjwa wa Parkinson humfanya mtu atetemeke na kukakamaa kwa sababu seli za ubongo zinazotoa dopamini zimekufa. Aprili 2025, matokeo ya majaribio mawili yalichapishwa kwa pamoja. Moja lilihusisha wagonjwa saba jijini Kyoto, na jingine wagonjwa 12 nchini Marekani na Canada. Wote walipandikiziwa ubongoni seli zilizokuzwa maabarani.

Hakuna aliyeota uvimbe wa saratani, hofu kubwa ya watafiti, na vipimo vilionyesha kwamba seli hizo zilikuwa zikitoa dopamini. Baadhi yao walipata nafuu. Lakini majaribio hayo yalilenga hasa kupima usalama, na idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo.

Kwa waliovunjika uti wa mgongo, safari imekuwa ndefu. Jaribio la kwanza la seli za viinitete lilianzishwa na kampuni ya Geron nchini Marekani mwaka 2010, likasitishwa mwaka uliofuata kwa sababu za kifedha. Machi 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, walitangaza kwamba kati ya wagonjwa wanne waliopooza na kutibiwa, wawili walipata nafuu, na mmoja wao aliweza kusimama bila kushikiliwa.

Ni habari njema, ila inafaa kupimwa kwa uangalifu. Wagonjwa hao walitibiwa wiki chache tu baada ya kuumia, na katika kipindi hicho wapo majeruhi wanaopata nafuu hata bila tiba hiyo. Kwa aliyepooza miaka mingi iliyopita, matokeo hayo hayathibitishi lolote bado.

Wauzaji wa matumaini

Mfa maji haachi kutapatapa, na hapo ndipo matapeli hujipatia riziki. Katika nchi nyingi kuna kliniki zinazotangaza seli shina kuwa dawa ya usonji, kiharusi, kupooza, maumivu ya magoti na hata uzee. Zingine huuza vidonge na unga, ilhali seli hai haiwezi kukaa ndani ya kidonge mkebeni.

Madhara yake yameandikwa. Mwaka 2015, wanawake watatu wazee waliokuwa wakififia macho walidungwa, katika kliniki moja ya Florida, seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao wenyewe. Macho yote mawili yalidungwa siku moja, na wote wakapoteza uwezo wa kuona. Awali, mvulana mmoja wa Israel aliyetiwa seli za vijusi jijini Moscow aliota uvimbe ubongoni na kwenye uti wa mgongo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulibaini kwamba uvimbe huo ulitokana na seli za waliomchangia.

Kwa hivyo hoja kwamba 'seli ni zako mwenyewe, haziwezi kukudhuru' haina ukweli. Seli iliyopelekwa mahali pasipo pake huweza kuharibu, na iliyokuzwa bila uangalizi huweza kubeba vijidudu.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kutoa senti yoyote, mgonjwa au jamaa yake anafaa kuuliza: Seli hizo zinatoka wapi? Je, ni tiba iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu hasa, au ni jaribio? Matokeo yamechapishwa katika jarida gani la kitabibu? Ni wangapi walipona, na wangapi walidhurika? Nani atanitibu mambo yakienda mrama nikiwa nimerudi nyumbani?

Hapa Kenya, jaribio la dawa kwa binadamu huhitaji kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na kamati ya maadili ya utafiti. Hospitali na kliniki nazo husajiliwa na Baraza la Madaktari. Mtu ana haki ya kuomba aonyeshwe vibali hivyo. Katika jaribio halali, kwa kawaida mshiriki halipishwi seli anazojaribiwa nazo. Ukitakiwa ulipe mamilioni ili 'ushiriki katika utafiti', hiyo ni dalili ya hatari.

Zaidi ya yote, iwapo mtoto ana selimundu, hatua ya kwanza ni kumwendea daktari wa damu na kuwapima ndugu zake ili kujua kama yupo anayeoana naye. Kipimo hicho humwambia mzazi mapema kama upandikizaji ni jambo la kufikiria, na huenda kikamwepusha kuuza shamba kwa ajili ya tiba isiyokuwapo.