Usiku wa Nani?

Safari hii tumeombwa tuandike juu ya kazi yetu. Tutaanza na kisa kinachotuhusu sisi wenyewe, kisha tuingie katika historia.

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, tukiwa wahandisi wa kampuni moja hapa Brussels, tulipewa kazi ya kubadilisha programu ya kutumia fedha nje. Programu hiyo ilikuwa na sehemu nyingi: moja ya kukagua majina, moja ya viwango vya kubadilishia fedha, moja ya kutoa risiti. Sisi tulitaka kubadilisha ile ya majina peke yake. Lakini sehemu zote zilikuwa zimefungamana, na kuigusa moja ilikuwa lazima kuzizima zote. Mkutanoni tukaulizana tuzime saa ngapi. Tukakubaliana bila ubishi: saa nane za usiku, watu wamelala.

Usiku huohuo wa Januari, mtoto wa dada yetu alikimbizwa hospitali Mombasa. Huko ilikuwa saa kumi za alfajiri. Hospitali ilitaka malipo ya awali. Ndugu yetu aliyekuwa zamu ya usiku Antwerp akajaribu kutuma fedha ziingie kwenye simu ya dada. Alijaribu mara tatu, na mara zote akajibiwa kwamba huduma imefungwa kwa matengenezo. Waliofunga ni sisi. Jirani mmoja akaweka dhamana, mtoto akatibiwa, na alhamdulillahi leo ni kijana mzima. Asubuhi dada alipopiga simu hakulaumu. Aliuliza tu: "Kaka, huo usiku mliochagua ni usiku wa nani?"

Swali hilo hatujalisahau. Tulipolichunguza tukaona kwamba wahandisi wengine walikuwa wamelijibu zamani, nasi hatukusoma.

Waliotangulia ni watu wa simu. Simu haina saa ya kufungwa, maana anayeita zimamoto usiku hawezi kuambiwa arudi kesho. Mwaka 1986, katika maabara ya Ericsson nchini Uswidi, Joe Armstrong na wenzake Robert Virding na Mike Williams walianza kutengeneza lugha ya programu iliyoitwa Erlang, kwa ajili ya mitambo ya simu. Waliiwekea uwezo wa kubadilisha kipande cha programu huku mtambo ukiendelea kufanya kazi. Kila kipande, au moduli, kinaruhusiwa kuwa na matoleo mawili kwa wakati mmoja, la zamani na la sasa. Mazungumzo yaliyokwisha kuanza yanaweza kumalizikia katika toleo la zamani, na yanayoanza huingia katika jipya. Likiletwa toleo la tatu wakati bado kuna kazi iliyong'ang'ania lile la kwanza, kazi hiyo hukatwa. Mwaka 1998 Ericsson waliiachia lugha hiyo dunia nzima bure. WhatsApp, ambayo wengi wetu tunaitumia kuwasalimu wazee nyumbani, ilijengwa juu yake.

Waliokulia pwani hawatashangaa. Paa la makuti likichakaa upande mmoja, watu hawahami nyumba. Fundi hupanda, akachomoa makuti mabovu safu moja, akachomeka mapya, kisha akaenda safu ya pili. Chini yake chungu kiko jikoni na watoto wanacheza. Jambo hilo linawezekana kwa sababu kila kuti limefungwa peke yake. Lingekuwa paa la zege, ingebidi nyumba ihamwe.

Wale waliotumia lugha ya Java walipata njia yao baadaye. Mwaka 1999 makampuni kadhaa yaliunda umoja ulioitwa OSGi, ukaweka kanuni za kugawa programu katika vifurushi ambavyo kila kimoja kinaweza kuwekwa, kuwashwa, kuzimwa, kubadilishwa au kuondolewa bila kuizima programu nzima. Kila kifurushi hutangaza kinachotoa na kinachohitaji, pamoja na namba za matoleo. Mwaka 2004 Eclipse, karakana ya waandishi wengi wa programu, ikajengwa upya juu ya kanuni hizo. Penye seva nyingi kuna njia nyepesi zaidi: mlango wa mbele unaogawa kazi huacha kuipelekea seva moja, inabadilishwa, inajaribiwa, inarudishwa, kisha inafuata ya pili.

Lakini mbinu hizi zote zina gharama moja: kwa muda fulani la zamani na jipya huishi pamoja, na ni lazima zielewane. Atakayesahau hilo ataumia. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital, huko Marekani, ilianza kutumia programu mpya katika seva zake nane. Saba zilikuwa zimebadilishwa na moja ilisahauliwa. Alama iliyomaanisha jambo jipya kwa zile saba iliamsha katika ile ya nane programu ya zamani iliyokuwa imeachwa kutumika miaka mingi. Kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440.

Mfano mkubwa wa subira uko hapahapa kwa jirani zetu. Mwaka 1973 mabenki 239 ya nchi 15 yaliunda ushirika wa SWIFT hapa Brussels, ili mabenki yaache kuagizana fedha kwa teleksi. Ujumbe wa kwanza ulipita mwaka 1977. Leo makao yake yako La Hulpe, mwendo mfupi kwa treni, na zaidi ya taasisi 11,000 za nchi zaidi ya 200 zimeunganishwa nao. Ujumbe wa zamani wa kulipa mteja uliwekewa mipaka: jina na anwani ya mtu viliingia katika mistari minne ya herufi 35 kila mmoja. Anayeitwa kwa jina lake, la baba na la babu, tena anakaa nyuma ya msikiti mtaa fulani, anajua usumbufu wa jina kukatwa katikati.

Kwa hiyo ulihitajika muundo mpya wa ujumbe, wenye nafasi zaidi. Lakini hakuna saa ya usiku inayoweza kuyafunga mabenki ya dunia nzima kwa pamoja, maana daima kuna mahali kumekucha. SWIFT ikaruhusu miundo yote miwili kwa pamoja kuanzia tarehe 20 Machi 2023 hadi tarehe 22 Novemba 2025, huku mtandao wenyewe ukitafsiri kwa ajili ya benki zilizokuwa bado hazijawa tayari. Siku hiyohiyo ya Machi 2023 mabenki makuu ya Ulaya yalianza kutumia mfumo mpya wa malipo makubwa, T2, badala ya TARGET2. Wao walibadilisha kwa pigo moja, mwisho wa juma, baada ya kuahirisha kutoka Novemba 2022. Waliweza kwa sababu mfumo wao una siku zake za kufungwa, zinazojulikana na wote.

Na kwetu je? M-PESA ilizaliwa Kenya mwezi Machi 2007, lakini seva zake zilikuwa nje ya nchi. Zilihamishiwa Kenya mwezi Aprili 2015, na huduma ikasimama kwa saa kadhaa. Mwezi Septemba 2025 Safaricom walibadilisha tena mfumo mzima. Watu walitangaziwa mapema kwamba huduma ingefungwa usiku wa kuamkia tarehe 22, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Hatusemi walikosea. Kubadilisha msingi wa nyumba si sawa na kubadilisha kuti, na kutangaza mapema ni heshima. Lakini tuhesabu saa. Kwetu Brussels ilikuwa Jumapili saa tano usiku. Kwa ndugu zetu wa Minneapolis ilikuwa Jumapili saa kumi alasiri, mchana mweupe, wakati wa mapumziko ambapo mtu hukaa chini akakumbuka ada na dawa za nyumbani.

Basi jibu letu kwa dada, ingawa limechelewa, ni hili. Usiku tuliochagua ulikuwa usiku wetu sisi tuliokuwa mkutanoni. Sisi tulidhani tunachagua saa isiyo na watu, kumbe tulichagua watu tusiowaona. Kufunga huduma kulitupa nafuu sisi wahandisi, na gharama yake ikalipwa alfajiri katika baraza ya hospitali.

Baada ya kisa kile tulichukua miezi minane kutenganisha sehemu za programu ile, moja moja. Wakubwa walilalamika kwamba hawaoni kipya. Mwezi wa tisa tulibadilisha sehemu ya majina saa nne asubuhi, siku ya kazi, fedha zikipita. Hakuna mteja aliyejua. Tulinywa kahawa, tukampigia dada.

Vijana wetu mnaosomea kazi hii Leuven, Liège na kwingineko, mtaambiwa mara nyingi, "tuzime usiku, hakuna mtu." Mkiambiwa hivyo, ulizeni ni usiku wa nani.