Alunguli na sheria iliyochelewa kuvuka mto

Machi 14 haimo katika orodha ya sikukuu za Kongo, ingawa wanawake wa jimbo la Maniema wana sababu ya kuikumbuka. Siku hiyo, mwaka 2018, Gazeti Rasmi la Serikali lilichapisha Itifaki ya Maputo, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake. Kifungu chake cha 14 kinaruhusu mimba kutolewa na daktari pale mwanamke alipobakwa, mimba ilipotokana na maharimu, au inapohatarisha afya yake ya mwili na akili, uhai wake au wa kilicho tumboni.

Kabla ya hapo neno la mwisho lilikuwa Kanuni ya Adhabu ya Januari 30, 1940, iliyoandikwa na Wabelgiji. Kifungu cha 165 kinampa anayemtoa mwanamke mimba kifungo cha miaka 5 hadi 15. Cha 166 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 5 hadi 10. Mama anayekaribia kufa hakutajwa. Madaktari walijikinga kwa kanuni za maadili za mwaka 1970, zilizowaruhusu kuokoa uhai wa mama baada ya kushauriana na wenzao. Uhai tu, afya haikuhesabiwa.

Ajabu ni kwamba Wabelgiji waliotuachia katazo hilo walililegeza kwao zamani. Januari 1973 daktari Willy Peers alikamatwa mjini Namur kwa kutoa mimba, akalala gerezani siku 34, na Wabelgiji wakamiminika barabarani kumtetea. Miaka 17 baadaye muswada wa maseneta Roger Lallemand na Lucienne Herman-Michielsens ukapita bungeni, ukaenda kukwama mezani kwa mfalme. Huyo alikuwa Baudouin, ambaye wazee wetu walimwita Bwana Kitoko alipozuru Kongo mwaka 1955, na aliyehutubia Léopoldville siku ya uhuru. Alimwandikia waziri mkuu Wilfried Martens kwamba dhamiri yake haimruhusu kutia sahihi. Mawaziri hawakumlazimisha, wala hawakurudi nyuma: Aprili 4, 1990 walitangaza kwamba mfalme hawezi kutawala kwa muda, wakatia sahihi wao. Kesho yake Bunge likamrudishia kiti. Sheria hiyo ilimruhusu mwanamke aliye katika dhiki hadi wiki ya 12. Baada ya hapo, afya yake iwe katika hatari kubwa na daktari wa pili akubali. Bwana Kitoko akaendelea kutawala, na Kongo ikaendelea na maandishi ya 1940.

Kwetu ugomvi haukuwa na kelele. Ulikuwa kimya cha ofisi. Itifaki ilipitishwa Maputo Julai 11, 2003. Bunge la mpito liliidhinisha Kongo kujiunga kwa sheria ya Juni 12, 2006, wiki chache kabla ya zile sheria mbili za Julai 20 kuhusu ubakaji, vita vikiwa vimeacha majeraha Maniema nzima. Januari 2007 Papa Benedict wa 16 aliikosoa Itifaki hadharani. Tangu sheria ile ya Juni 2006 hadi uchapishaji, karibu miaka 12 ikapita. Kifungu cha 215 cha Katiba kinasema mkataba huwa na nguvu kuliko sheria za nchi pale tu unapochapishwa. Hakimu asiyeuona katika Gazeti Rasmi alibaki na kifungu cha 165 mkononi.

Uchapishaji ulipofanyika, Baraza Kuu la Mahakimu lilitoa waraka Aprili 6, 2018 kuwataka waufuate mkataba huo. Desemba 2020 Wizara ya Afya ikatoa miongozo ya kuutekeleza. Kuhusu maana ya afya, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilikwisha kueleza mwaka 2014 kwamba mwanamke asidaiwe cheti cha daktari wa akili ili kuthibitisha mateso yake.

Lakini Alunguli, mtaa wa mji mkuu wa Maniema, iko ng'ambo ya kulia ya mto Lualaba, na ofisi za jimbo ziko ng'ambo ya pili; daraja hakuna, watu huvuka kwa mtumbwi. Muuguzi wa huku ndiye anayepaswa kuamua kama hatari ni kubwa, huku vifungu vya 165 na 166 havijafutwa. Akiogopa jela, atamwambia mama avuke mto au arudi nyumbani. Ni aibu kumwachia muuguzi mzigo huo. Bunge la Kinshasa liandike upya vifungu hivyo viwili, na Wizara ilete miongozo hiyo kwa Kiswahili hadi kituo cha afya cha mwisho.