Diaspora: nani anashika funguo za siri zetu?

Haya wadau, leo tuweke kando habari za bumu na UE, tuongee historia kidogo.

Desemba 2009 Facebook ilibadili mipangilio ya faragha. Picha ya wasifu na hata orodha ya marafiki vikawa vya wazi. Watu walilalamika sana. Februari 2010, Eben Moglen, profesa wa sheria wa Columbia, akatoa mhadhara New York. Hoja yake kwa kifupi: tatizo ni mfumo wenyewe. Mambo ya watu wote yakikaa kwenye ghala la mtu mmoja, lazima atachungulia tu. Tiba ni kila mtu kuwa na seva yake.

Wanafunzi wanne wa chuo kikuu cha New York (NYU) wakaichukua hoja hiyo: Dan Grippi, Maxwell Salzberg, Raphael Sofaer na Ilya Zhitomirskiy. Waliomba michango ya dola 10,000 kupitia Kickstarter, wakapata zaidi ya 200,000! Mradi wakauita Diaspora. Badala ya seva za kampuni moja, kuna seva nyingi ziitwazo podi, zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Unachagua podi unayoiamini, au unaanzisha yako. Marafiki nao unawagawa mafungu, ili ya ndugu yasifike kwa bosi.

Jamani, kazi haikuwa lelemama. Septemba 2010 walipoweka programu hadharani, wataalamu wakakuta matundu kibao ya usalama. Novemba 2011 Ilya akafariki, ana miaka 22 tu. Agosti 2012 waliobaki wakaikabidhi Diaspora kwa jamii ya watumiaji.

Wazo halikufa lakini. 2016 Eugen Rochko, kijana wa Ujerumani, alitoa Mastodon, na Januari 2018 shirika la W3C likapitisha ActivityPub, lugha ya pamoja ya seva nyingi za aina hii.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Ujumbe wa faragha wa Mastodon msimamizi wa seva anaweza kuusoma, kwa sababu haufungwi kwa namna ya kusomwa na wahusika wawili peke yao. Mei 2023 FBI walipekua nyumba ya mmoja wa wasimamizi wa Kolektiva, seva mojawapo ya Mastodon, kwa kesi isiyoihusu seva hiyo. Wakaondoka na nakala ya data za watumiaji, haina hata kufuli. Kikulacho ki nguoni mwako!

Kwa hiyo mimi naona hivi: kugatua kunapunguza hasara, maana ghala moja likivunjwa mengine yanabaki. Ila uaminifu hauondoki, unahama tu kutoka kwa kampuni kubwa kwenda kwa jamaa mwenye seva. Sisi walimu watarajiwa tuwafundishe wanafunzi waulize kwanza: funguo anazo nani, na nakala anaiweka wapi?

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?