Chuo ambako mwalimu hakutoa alama

Swarthmore ni chuo kidogo nje ya Philadelphia, Marekani. Kilianzishwa mwaka 1864 na Wakweka, ndugu wa imani wa Kanisa la Marafiki tunaowajua kutoka Kaimosi, Kenya. Mwaka 1921 kilipata mkuu mpya, Frank Aydelotte, mzaliwa wa Indiana aliyewahi kusoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Kilichomkera ni kuona kijana mwepesi wa kushika akiburuzwa kwa mwendo wa darasa zima.

Mwaka 1922 akaanzisha mpango wa wanafunzi bora, kwanza katika fasihi ya Kiingereza na sayansi za jamii. Aliyekubaliwa alifutiwa mihadhara ya kawaida kwa miaka miwili ya mwisho. Badala yake alihudhuria semina za watu wachache, pengine sebuleni kwa profesa. Aliyeandika insha aliisoma, wenzake wakaichambua, na asiyejiandaa hakuwa na mgongo wa kujificha nyuma yake.

Kisha ukaja mtihani. Waliitwa wasomi wa vyuo vingine. Wakatunga maswali, wakasahihisha, wakamhoji kila mwanafunzi ana kwa ana. Kwetu Afrika Mashariki mtahini wa nje si jambo geni, hasa kwa vyuo vilivyolelewa na Chuo Kikuu cha London, kama Makerere. Lakini wa kwetu kwa kawaida hupitia karatasi zilizokwisha kusahihishwa. Wa Swarthmore alishika hukumu yote. Mwanafunzi hakuwa na sababu ya kumbembeleza mwalimu, wala mwalimu hakuwa na fimbo ya alama. Wote wawili walimhofia mgeni. Kwangu mimi, siri ya mpango ilikuwa hapo, kuliko hata udogo wa semina.

Wapo walioita mpango huo ubaguzi. Aydelotte alishikilia kwamba kuwapa wote kipimo kimoja si usawa. Gharama nazo zilikuwa kubwa, na bodi ya elimu iliyofadhiliwa na Rockefeller ilichangia.

Mwaka 1957 Joseph Cohen wa Chuo Kikuu cha Colorado aliongoza kamati ya kueneza mipango ya aina hiyo katika vyuo vikuu vya umma, kwa fedha za shirika la Carnegie. Oktoba mwaka huohuo Wasovieti wakarusha setilaiti ya Sputnik, na Marekani ikaanza kuwasaka vijana wake wenye vipaji kwa hofu ya kupitwa. Vyuo vikavipenda vile vidarasa vidogo na tasnifu za mwaka wa mwisho. Mtahini wa nje, kwa sehemu kubwa, akaachwa njiani: nani angelipa nauli na posho za wasomi wa kuwahoji mamia ya wanafunzi?