Seti ya hashi: Namna ya kuhifadhi herufi bila marudio

SETI ya hashi ni muundo wa data usioruhusu marudio. Kila kinachoingizwa hukokotolewa nambari inayoelekeza mahali kitakapowekwa. Hivyo, kukitafuta baadaye hakuhitaji kupekua seti nzima.

Katika lugha ya Java, seti hii hupokea vitu tu, wala si thamani sahili kama herufi. Awali, mwandishi wa programu alilazimika kuifunga kila herufi ndani ya kitu yeye mwenyewe. Toleo la 5, lililotoka mwaka wa 2004, lilianza kuzifunga lenyewe.

Hata hivyo, urahisi huo una gharama. Vifungashio vya herufi zenye nambari 0 hadi 127 huhifadhiwa na kutumika tena. Kuanzia 128, herufi huweza kuundiwa kitu kipya hata inapotafutwa tu. Kwa matini marefu, safu ya biti ni nafuu: herufi ya Java ina thamani 65,536, na baiti 8,192 zatosha kuipa kila moja biti yake.

Aidha, herufi kubwa na ndogo huhesabiwa mbalimbali. Neno "Mombasa" hutoa herufi sita badala ya tano iwapo M haikugeuzwa kwanza kuwa m.