Deni Lililofutwa, Kumbukumbu Iliyobaki: Ufilisi wa Mtu Binafsi na Urejeshaji wa Sifa ya Kukopa Nchini Marekani, 1841–2005

Historia ya ufilisi wa mtu binafsi nchini Marekani aghalabu husimuliwa kama historia ya msamaha: sheria ililegea hatua kwa hatua hadi mdaiwa aliyeshindwa kulipa akapewa nafasi ya kuanza upya. Insha hii inajenga hoja kwamba masimulizi hayo ni nusu ya ukweli. Sambamba na taasisi iliyofuta madeni ilikua nyingine iliyoyakumbuka, na hiyo ya pili ndiyo iliyoathiri zaidi muda ambao mufilisi angeendelea kutoaminiwa.

Taasisi zote mbili zilichipuka baada ya mtikisiko wa fedha wa mwaka 1837. Hapo awali, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1800 iliwahusu wafanyabiashara pekee, na waliofungua shauri walikuwa wadai, si mdaiwa mwenyewe. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1803. Mtikisiko ulipowaangusha watu wengi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya mwezi Agosti 1841. Kwa mara ya kwanza chini ya sheria ya taifa, mdaiwa aliweza kwenda mahakamani kwa hiari yake, akakabidhi mali yake na kuondolewa madeni yaliyosalia. Wadaiwa wapatao 41,000 waliitumia kabla haijafutwa mwaka 1843.

Mwaka huohuo wa 1841, jijini New York, Lewis Tappan alianzisha Mercantile Agency. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya hariri ya kaka yake, Arthur, iliyosimamisha malipo mwaka 1837. Wakala huo ulipokea kutoka kwa watoa habari wa majimbo mbalimbali, wengi wao mawakili, taarifa za mali na mwenendo wa wafanyabiashara, ukaziandika madaftarini na kuwauzia wauzaji wa jumla waliotaka kujua nani anakopesheka. Hivyo, mfanyabiashara aliyeondolewa deni na mahakama aliweza kukuta anguko lake limehifadhiwa katika daftari ambalo hakuruhusiwa kulisoma.

Sheria ya mwaka 1898 ndiyo iliyoufanya msamaha huo kuwa wa kudumu. Mwaka 1934, katika shauri la Local Loan Co. dhidi ya Hunt, mkopeshaji alitaka kuendelea kukata mshahara wa mtu aliyekopa dola 300 na ambaye tayari alikuwa amefutiwa deni. Mahakama ya Juu ilikataa, ikisisitiza kuwa lengo la sheria ni kumpa mdaiwa mwaminifu fursa mpya ya maisha. Hata hivyo, uamuzi huo ulilinda mshahara wake tu. Haukumlazimisha yeyote kumkopesha tena.

Kumbukumbu yenyewe haikuwekewa mipaka ya kitaifa hadi mwaka 1970. Sheria ya taarifa za mikopo ya mwaka huo ilimpa raia haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake, na kwa kawaida ikazuia ufilisi kuripotiwa baada ya miaka 14. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1978 ilipunguza muda huo hadi miaka 10, na pia ikapiga marufuku mamlaka za serikali kumnyima mtu leseni kwa sababu tu alifilisika. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliongeza masharti: ushauri wa fedha kabla ya kuwasilisha ombi, na mafunzo ya fedha kabla ya kufutiwa deni.

Ndani ya mipaka hiyo, mufilisi hurejesha sifa yake kidogo kidogo. Huweka amana benki ili apewe kadi yenye kikomo kidogo, hulipa kwa wakati kila mwezi, na hukagua taarifa zake ili madeni yaliyofutwa yasionekane kana kwamba bado anadaiwa. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Historia hii inaonesha kwamba hata aliyesamehewa kulipa hurudishiwa imani kwa kulipa madeni mapya. Kwa sababu hiyo, tathmini ya sheria yoyote ya ufilisi haikamiliki kwa kuuliza deni limefutwa lini. Sharti iulize pia kumbukumbu yake inatunzwa na nani, na kwa muda gani.